Kwa Nini Bado Nacheza Mchezo wa Zamani

Na mwanafunzi wa zamani, Gitaza



Likizo iliyopita tulikutana vijana watano tuliosoma darasa moja. Tukakaa penye kivuli cha mwembe karibu na mwalo wa Gitaza, tukila ndagala wa kukaanga na kupeana habari za kazi. Mmoja wetu, ambaye sasa ni karani mjini Bujumbura, akaniuliza mbele ya wote, "Ati ni kweli kwamba wewe, mtu mzima mwenye mke, ungali ukicheza mchezo wa kompyuta uliotengenezwa kabla hatujazaliwa?" Wote wakacheka. Nami nikacheka, maana kucheka pamoja na wenzako ni afadhali kuliko kununa. Lakini usiku ule sikulala upesi. Niliona kwamba swali lile lilistahili jibu, na jibu lenyewe ni refu kuliko mazungumzo ya mwaloni. Ndiyo sababu nimeshika kalamu.

Mchezo wenyewe waitwa Darklands. Ulitolewa mwaka 1992 na kampuni ya MicroProse ya Marekani, na kiongozi wa wale walioubuni alikuwa bwana mmoja jina lake Arnold Hendrick. Ulitengenezwa kwa kompyuta za siku zile zilizotumia MS-DOS, na leo mtu huhitaji programu ndogo iitwayo DOSBox ili kompyuta mpya ijifanye ya zamani. Katika mambo ya michezo ya kompyuta, miaka zaidi ya 30 ni kama enzi za Nuhu. Michezo mingi iliyosifiwa mwaka ule imekwisha kusahauliwa hata na waliyoitengeneza. Huu bado unauzwa, bado wapo wanaoununua, na bado wapo wanaobishana usiku kucha juu ya njia njema ya kuucheza.

Mimi niliupata kwa sababu ya umaskini, wala si kwa sababu ya hekima. Nilipokuwa darasa la mwisho la sekondari, mjomba wangu aliniletea kompyuta iliyokwisha kutumiwa na watu wawili kabla yangu. Kila nilipojaribu michezo mipya, yenye picha zing'aazo kama sinema, kompyuta ilipata joto kama jiko, kisha ikazimika. Rafiki mmoja akanihurumia, akanipa mchezo huu katika flashi, akasema, "Huu ni mwepesi, hata mashine yako itauweza." Nikaufungua. Picha zake zilikuwa kama zile za vitabu vya zamani, zilizochorwa kwa mkono, hazitembei. Maneno yalikuwa mengi mno, tena yote ya Kiingereza. Sisi wa huku tumelelewa kwa Kirundi, Kiswahili na Kifaransa. Kiingereza chetu kilikuwa cha darasani tu, cha kujibia mtihani. Nilitaka kuufunga. Bahati njema umeme ulikuwapo usiku ule, na kamusi ilikuwa karibu.

Kwa wale wasioujua, nitaeleza kwa ufupi. Mchezo umewekwa katika nchi za Ujerumani za karne ya 15. Kwanza unaunda watu wanne watakaosafiri pamoja. Kwa kila mmoja unachagua alizaliwa katika jamaa ya namna gani: ya makabaila, ya matajiri wa mjini, ya mafundi au ya wakulima. Kisha unamchagulia kazi, na kila kazi humla miaka mitano: askari, mwanafunzi, mtawa, mchuuzi, hata jambazi. Mtu akikaa miaka mingi kazini hujua mengi, lakini pia huzeeka, na nguvu zake hupungua. Basi yakupasa uamue. Je, utaanza safari na kijana mwenye nguvu asiyejua kitu, au na mzee mwenye maarifa ambaye magoti yamuuma? Nimejaribu njia zote mbili mara nyingi, na mpaka leo sijaona iliyo bora. Ukichukua vijana wanne, mtashinda vita na kudanganywa na kila mwenye duka. Ukichukua wazee wanne, mtayajua mambo yote na kufa njiani.

Safari huanzia katika nyumba ya wageni. Fedha ni kidogo, na sifa hakuna. Wala hapana mtu anayewaamuru mwende wapi. Mwaweza kwenda Köln, Nürnberg, Hamburg au Praha. Miji iliyomo yapita 90, nayo ni miji iliyokuwapo kweli. Mkifika langoni mwaulizwa ushuru. Mwaweza kulipa, au kumbembeleza mlinzi, au kungoja usiku na kupanda ukuta, na kila uamuzi una faida na hasara yake. Mkitenda wema mahali, jina lenu lajulikana huko. Mkiiba, mji ule hamwingii tena kwa amani. Njiani mnakutana na mbwa mwitu, na wanyang'anyi, na makabaila waliogeuza ngome zao kuwa mapango ya wezi. Sehemu kubwa ya mambo haya huyaoni kwa macho. Wayasoma, kisha waamua.

Hapa ndipo penye sababu ya kwanza ya mchezo huu kudumu. Picha huzeeka upesi. Picha iliyomshangaza mtu mwaka 1992 leo yamchekesha mtoto wa miaka minane. Lakini neno lililoandikwa vizuri halizeeki namna ile, kwa maana picha yake huchorwa kichwani mwa msomaji, na kichwa cha msomaji wa leo ni kipya sikuzote. Nikisoma kwamba tumefika kijijini jioni, na watu wanafunga madirisha wakituona, naona kijiji kile kwa wazi kuliko mchoraji awezavyo kunionyesha. Tena nakiona kama kijiji cha milima ya Muhuta wakati wa ukungu, maana ndicho nikijuacho.

Sababu ya pili ni heshima ya mchezo huu kwa mambo madogo ya nchi na ya watu wake. Nitatoa mfano mmoja utakaowapendeza wasomaji wa Kiswahili. Katika mchezo huu saa hazihesabiwi kama Wazungu wa leo wanavyozihesabu. Zatajwa kwa majina ya sala za watawa wa zamani: Prime, Terce, Sext, None. Nilitafuta maana yake katika kamusi, nikaona kwamba ni hesabu ya Kilatini inayoanzia macheo: saa ya kwanza, saa ya tatu, saa ya sita, saa ya tisa. Nikaruka kitini! Terce ni saa tatu ya asubuhi. Sext ni saa sita ya mchana. None ni saa tisa. Mwingereza acheza mchezo ule na inambidi kukumbuka kwamba Terce ni saa yake ya 9. Mimi wa Gitaza sina la kugeuza. Watu wale wa miaka 600 iliyopita walihesabu siku yao kama mama yangu anavyoihesabu. Tangu usiku ule sikuona tena kwamba mchezo huu ni wa watu wengine.

Sababu ya tatu ndiyo kubwa. Watu wengi wakitunga mchezo wa majoka na uchawi hutunga dunia ya uongo, wakaijaza majina magumu. Arnold Hendrick na wenzake hawakufanya hivyo. Walichukua nchi iliyokuwapo kweli, pamoja na barabara zake, fedha zake na wafanyabiashara wake, kisha wakajiuliza swali moja: ingekuwaje kama yote waliyoyaamini wenyeji wa nchi ile yangekuwa kweli? Basi humo ndani ukimwomba mtakatifu huku una sifa ya wema, aweza kukusaidia. Watakatifu waliomo wapita 100, na kila mmoja ana habari zake na msaada wake. Wachimbaji wakisema kuna viumbe wadogo chini ya migodi, wamo. Wanakijiji wakinong'ona juu ya wachawi wanaokutana usiku, wanakutana. Wanavyuoni wakichanganya dawa katika chupa, dawa zile zafanya kazi, au zapasuka usoni. Mchezo haumcheki mtu wa zamani kwa imani yake. Wala haukuambii uiamini. Wakuambia tu: vaa viatu vyake, utembee navyo siku moja.

Fikirini neno hili, ndugu zangu, kwa maana latugusa sisi. Wajerumani walikuja kutawala nchi hii mwishoni mwa karne ya 19, na mwaka 1903, huko Kiganda, Mwami Mwezi Gisabo alilazimishwa kukubali mkono wao. Wengi wa Wazungu wa siku zile waliziona imani za babu zetu kuwa ni ushenzi na ujinga. Lakini babu zao wenyewe, miaka 400 tu kabla ya hapo, waliogopa kupita msituni usiku kama babu zetu walivyoogopa kupita ziwani bila kusema neno la heshima. Sisemi hivyo ili kuwacheka. Nasema kwamba kila taifa lina babu, na kila babu alikuwa na jambo la kumwogopesha na jambo la kumtumainisha. Mchezo wa Darklands umewafanyia babu wa Ujerumani heshima kubwa: umeyachukua maneno yao kuwa ni maneno ya watu wazima.

Sasa nisije nikaonekana kama mchuuzi anayesifu samaki waliooza. Mchezo huu una kasoro. Ulipotolewa ulikuwa na makosa mengi ndani yake, hata kampuni ikalazimika kutoa masahihisho mara kadhaa. Vita vyake vyachosha: watu wanne wadogo wanasukumana na maadui, na ukikwisha kuona vita 20 umeviona vyote. Safari za kutafuta wanyang'anyi wa ngomeni hurudiwarudiwa. Wala haumhurumii anayeanza. Mimi nilikufa mara saba kabla ya kuupata mji wa pili. Mtu akiniambia kwamba michezo ya leo ni mizuri zaidi kwa macho na myepesi zaidi kwa mkono, sitabishana naye.

Tena kuna lawama iliyo nzito kuliko hizo, nayo ni ya wakati. Wazazi na walimu husema kwamba michezo ya kompyuta hula siku za kijana kama mchwa walavyo nguzo. Wana haki. Mimi mwenyewe mwaka ule nilipata alama mbaya katika hesabu, na sababu yake haikuwa mwalimu, wala somo, wala umeme. Nawaambia wadogo zangu mlioko shuleni: mchezo wowote, uwe mpya au wa zamani, ukikunyima usingizi wa mtihani umekwisha kuwa bwana wako. Lakini hasara yangu iliyo kubwa haikuwa ile ya hesabu. Ndiyo nitakayoisimulia sasa, na laiti nisingekuwa nayo.

Babu yangu mzaa baba alikuwa mvuvi. Alivua usiku kwa taa tangu ujana wake, akalijua ziwa kama mkulima ajuavyo shamba lake. Alipozeeka akaacha kuvua, akawa akikaa barazani kwake, hatua chache kutoka majini, akitazama mitumbwi ya wengine. Jioni moja nilikuwa nimekaa karibu naye na kompyuta yangu. Upepo ukageuka. Akanyanyua kichwa kama mtu aliyeitwa, akasema, "Mjukuu wangu, unausikia huo? Njoo nikuambie habari za pepo za ziwa hili. Kila moja ina jina lake na tabia yake, na kila moja ina neno la kuiambia." Mimi, bila kuondoa macho, nikajibu, "Ngoja kidogo, babu, napigana na joka."

Hakukasirika. Akauliza, "Joka gani?" Nikamweleza habari za mchezo, na habari za Wajerumani wa zamani, na watakatifu wao, na viumbe wa migodini. Akasikiliza kwa makini, tena kwa adabu, kama alivyokuwa akimsikiliza mgeni. Mwishowe akasema, "Kumbe na wao walikuwa na mambo hayo." Akauliza kama joka lile lakaa majini au nchi kavu. Akauliza watu wa huko walimwambia nini kabla ya kupita. Aliniuliza maswali mengi ya busara, na yote niliyajibu. Mimi sikumwuliza hata moja. Tulipokwisha, usiku ulikuwa umeingia, upepo umetulia, naye akaenda kulala. Mvua za mwaka uliofuata zilipofika, babu alikuwa amekwisha kufariki.

Naweza kuwatajia watakatifu 30 ambao Mjerumani wa karne ya 15 aliwaomba. Majina ya pepo zile zote, jinsi babu alivyoyajua, siwezi. Hapo ndipo nilipofahamu kwamba mchezo ule ulikuwa unanifundisha jambo, nami nilishika nusu yake tu. Ulinifundisha kuuliza: watu wa mahali hapa waliamini nini, walilipa ushuru gani, waliogopa nini, walimwomba nani? Lakini niliuliza maswali hayo juu ya Köln, sikuyauliza barazani.

Tena pwani yetu haikosi habari. Anayedhani kwamba mambo makubwa hutokea mbali, na afungue vitabu. Mwaka 1858 Burton na Speke walifika Ujiji, kisha wakaja kwa mitumbwi hadi upande wa kaskazini wa ziwa. Mwezi wa Novemba mwaka 1871 Livingstone na Stanley walitoka Ujiji wakifuata pwani hii ya mashariki hadi mto Rusizi, na jiwe la ukumbusho lipo Mugere, karibu na Bujumbura, limeandikwa tarehe 25 ya mwezi ule. Watu wale hawakuruka hewani. Lazima walipita mbele ya nchi yetu hii. Baadaye Rumaliza, yule mfanyabiashara mkubwa wa Ujiji, alitaka kuitia mkononi nchi ya Burundi, lakini watu wa Mwezi Gisabo wakamzuia. Katika soko la Ujiji shanga ziitwazo sofi zilikuwa fedha, na chumvi ya Uvinza ilisafirishwa mbali. Pembe za ndovu zilipita, na, yatupasa kusema kweli, watumwa pia walipita, nao walikuwa watu wenye mama. Ndipo Kiswahili kilipofika Rumonge na Buyenzi, kikawa chetu.

Je, imani? Stanley asimulia kwamba waliposikia ngurumo ya mbali, wenyeji walimwambia ni Kabogo, mlima wa ng'ambo ambao mawimbi huvuma katika mapango yake, na wapiga makasia waliopita pale walitupa shanga majini. Tena aliandika hadithi aliyoisimuliwa Ujiji, jinsi ziwa lilivyozaliwa. Zamani palikuwa uwanda mpana wenye mji na watu. Mume na mke walikuwa na kisima kirefu chenye samaki, na sharti lake ni kutokionyesha kwa mgeni. Mume aliposafiri, mke akamwonyesha mpenzi wake. Kisima kikapasuka, maji yakaufunika uwanda wote, na mume aliporudi akaona ziwa pale alipoacha nyumba yake.

Ningekuwa na ufundi wa kutengeneza michezo, ningeanzia hapo. Watu wanne kutoka Gitaza: mvuvi, mchunga ng'ombe wa mlimani, mchuuzi wa chumvi na mpfumu mzee wa kupiga ramli. Wangeamua kupita pwani au mlimani, kulipa shanga au kukwepa, kumsalimu Kabogo au kumdharau. Wangejulikana kwa wema Rumonge na kwa ubaya Ujiji. Na wachezaji wa Hamburg wangekaa na kamusi usiku, wakiuliza sofi ni nini, na kwa nini saa tatu ya asubuhi si saa tatu ya usiku wa manane.

Lakini mchezo kama huo hautengenezwi kwa upepo. Darklands uliwezekana kwa kuwa Wajerumani na majirani zao walikuwa wameandika. Waliandika bei, ushuru, maisha ya watakatifu, hata hofu zao. Waliobuni mchezo ule walikaa Marekani, miaka 500 na zaidi baadaye, na vitabu vikawangoja. Nasi yetu mengi hayamo vitabuni, na yaliyomo yaliandikwa na wageni waliopita siku mbili tatu wakiwa na homa. Yaliyobaki yamo vichwani mwa wazee, na kichwa cha mzee hakina masahihisho wala hakina nakala.

Tena wakati wenyewe hautungoji. Ziwa lilipanda sana mwaka 1964, na wazee wachache bado wakumbuka. Mwaka 2024 likapanda tena, likaingia katika nyumba na mashamba ya pwani hii. Baraza la babu yangu, pale aliponiuliza habari za joka, sasa limo majini. Nimepita hapo kwa mtumbwi. Nguzo mbili zaonekana bado, na samaki wadogo wazunguka miguuni pake. Nilifikiri habari za yule mume aliyerudi akakuta maji. Yeye walau alijua mlangoni pake palikuwa wapi.

Basi hilo ndilo jibu langu kwa rafiki yangu karani na kwa wote waliocheka. Mchezo wa zamani haukudumu kwa bahati, wala kwa sababu sisi tunaoucheza ni wapumbavu wasiojua kwamba dunia imesonga mbele. Umedumu kwa sababu waliotangulia waliulizwa, wakaandikwa, wakaheshimiwa. Kitu kilichojengwa juu ya watu wa kweli hakichakai upesi. Ndiyo sababu nitaendelea kuucheza, Jumamosi usiku, baada ya kazi na kwa ruhusa ya mke wangu.

Na kwa sababu hiyo hiyo nimenunua daftari. Tangu mwaka jana naenda kwa wazee wa Gitaza na vijiji vya jirani, nina mkate na sukari mkononi, nauliza. Wengine hunicheka. Wengine hunitazama kwanza, kisha hutazama ziwa, kisha huanza. Nimepata majina ya pepo kadhaa, lakini wazee wawili hawapatani juu ya jina la ile ivumayo jioni, ile iliyomnyanyua babu kichwa. Nimeandika majina yote mawili. Huenda moja ndilo alilotaka kuniambia.

Nanyi, wadogo zangu, mtakwenda nyumbani likizo. Wengi wenu mna simu, na katika simu mna michezo. Siwaambii mwitupe. Nawaomba jambo moja dogo: mzee akisema, "Njoo nikuambie," weka joka chini. Joka litangoja, kwa maana limeandikwa. Mwulize mzee swali moja tu, kisha andika jibu lake pamoja na jina la kijiji na mwaka. Nami namwomba Bwana Mhariri, kama nafasi ipo, atutengee ukurasa mmoja katika kila toleo kwa majibu hayo. Tukipata majibu 20 kwa mwaka, baada ya miaka kumi tutakuwa na 200, na hapo pengine atatokea miongoni mwenu fundi mwenye akili kuliko mimi, atakayejua la kuyafanyia.

Wahenga walisema, penye wazee haliharibiki neno. Lakini hawakusema litahifadhiwa na nani wazee wakiondoka. Hilo wametuachia sisi.

Wasalaam.